Sura ya 4: Mkono wa Kulia Kwanza

Anayeanza kujifunza banjo au gita huwa na maswali mengi, na karibu yote ni ya mkono wa kushoto. Kodi hii inashikwaje? Kidole cha pete kikae wapi? Kwa nini uzi huu unakoroma ukibanwa? Mkono wa kulia haumshughulishi. Anauona ni wa kuamsha tu sauti ambayo mkono wa kushoto umekwisha kuiamua. Basi anakusanya kodi kumi, kumi na mbili, kisha anashangaa kwamba akizipiga mfululizo hapati wimbo, anapata vipandevipande. Hoja ya sura hii ni kwamba mpangilio huo umepinduliwa. Katika muziki wa nyuzi zinazodonolewa kwa vidole, mzigo mkubwa uko mkono wa kulia, na mwanafunzi anapaswa kuufunza mkono huo peke yake, nyuzi zikiwa wazi, mpaka mizunguko michache ya vidole imwingie kiasi cha kwenda yenyewe. Kodi na wimbo vifuate. Ushauri huu unakinzana na hamu ya kila mwanafunzi, ambaye anataka wimbo leo jioni. Lakini ushahidi wake ni mwingi, na sehemu yake nono zaidi imetoka kwenye njia ya misafara iliyopita Tabora.

Novemba 1857 wapelelezi Waingereza Richard Burton na John Hanning Speke walifika Kazeh, kituo cha wafanyabiashara wa Kiarabu katika Unyanyembe, kwenye eneo la Tabora ya leo. Msomaji wa Tabora hahitaji ramani kuifuata njia ile: kutoka pwani kupitia Ugogo hadi Unyanyembe, kisha ikagawanyika, moja kwenda Ujiji, moja kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda, nyingine kusini-magharibi kuelekea Katanga. Burton alikuwa mtu wa dharau, na muziki wa Waafrika aliusimulia kwa dharau hiyohiyo, ila alikuwa pia mtu wa kupima vitu. Katika kitabu chake kilichochapishwa London mwaka 1860 alilieleza zeze kwa makini, na ili wasomaji wake walielewe alilifananisha na banjo. Kibuyu kikubwa, kilichoachwa wazi upande wa chini, ndicho kilichokuza sauti. Shingo ilikuwa ya mti mwepesi, urefu wa sentimita 45 hadi 60 hivi. Uzi ulisokotwa kwa nyuzinyuzi za mwale, ukapitishwa juu ya daraja la unyoya uliokunjwa, na unyoya huo uliinuliwa au kushushwa kurekebisha sauti. Kwenye ncha ya shingo palikuwa na vituo vitatu tu vya kubana. Tena, anaeleza, mara nyingine uzi wa pili ulifungwa ubavuni mwa shingo, ukivuma kwa sauti yake moja huku ule wa juu ukibeba wimbo.

Itazame ala hiyo kwa jicho la mwanafunzi. Uzi wenye vituo vitatu unatoa sauti nne, ukihesabu na ya uzi ulioachwa wazi. Wa ubavuni unatoa moja. Jumla ni sauti tano, na mkono wa kushoto hauna cha kuongeza. Mpigaji aliyetegemea mkono huo pekee angekuwa amemaliza yote aliyonayo kabla moto haujakolea. Kilichobaki, na hicho hakina mwisho, ni wakati: uzi upi uguswe sasa, upi usubiri, uzi wa ubavuni uingie kabla ya pigo, juu yake au nyuma yake. Hayo yote ni mamlaka ya mkono wa kulia. Banjo ya nyuzi tano imejengwa juu ya wazo lilelile. Uzi wake wa tano ni mfupi, unaanzia kwenye freti ya tano, uko upande wa juu karibu na uso wa mpigaji, na kwa kawaida haubanwi hata kidogo. Dole gumba linaurudia katikati ya wimbo kwa sauti nyembamba isiyobadilika. Uzi huo mfupi ni wa zamani. Mchoro mmoja wa rangi za maji uliochorwa South Carolina mwishoni mwa karne ya 18 unamwonyesha mtumwa akipiga banjo ya kibuyu yenye uzi wa namna hiyo, na Wajola wa Senegambia mpaka leo wanapiga akonting, ala ya kibuyu yenye nyuzi tatu, ambamo ukucha wa kidole unapiga kwenda chini na dole gumba linaudonoa uzi mfupi. Sidai kwamba zeze la Unyamwezi ni babu wa banjo. Waafrika walioiunda banjo katika visiwa vya Karibi na Marekani wengi wao walichukuliwa upande mwingine wa bara. Ninachodai ni kwamba mafundi wa pande mbili, bila kukutana, walifikia uamuzi mmoja: kuuondolea mkono wa kushoto uzi mmoja na kuukabidhi wote kwa mkono wa kulia.

Ushahidi ulio karibu zaidi na vidole vyetu umepitia ile njia ya kusini-magharibi. Katikati ya karne ya 19 Msiri, mwana wa mfanyabiashara wa shaba kutoka Usumbwa katika nchi ya Wanyamwezi, alihamia Katanga na watu wake na kujenga dola yenye makao makuu Bunkeya. Wafuasi wake ndio Wayeke. Aliuawa Desemba 1891 na watu wa msafara uliotumwa kwa ajili ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, lakini Wayeke walibaki, na Bunkeya mwaka 1930 alizaliwa Jean Bosco Mwenda, ambaye baadaye alijiita Mwenda wa Bayeke. Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimrekodi mwaka 1952 huko Jadotville, mji unaoitwa sasa Likasi, na miongoni mwa nyimbo za mwaka huo ni «Masanga». Anayeisikia santuri hiyo kwa mara ya kwanza hudhani magita ni mawili. Ni gita moja la kawaida lisilo la umeme, na mkono wa kulia unaolipiga unatumia vidole viwili: dole gumba kwenye nyuzi nene, kidole cha shahada kwenye nyembamba. Dole gumba linatembea kwa mwendo wake. Shahada inaingia katikati ya nafasi zake, inawahi, inachelewa, inakaa kimya ambapo ungetegemea sauti. Mkono wa kushoto wa Mwenda ulikuwa hodari pia, hilo halina ubishi. Lakini chukua mikao yake ileile ya vidole, uipige kwa kukwaruza nyuzi zote kwa pamoja, na kila kinachoifanya «Masanga» kuwa «Masanga» kitatoweka, wala hutapata hata dalili yake.

Sasa tuusogelee mkono wenyewe. Tukiandika G kwa dole gumba, S kwa shahada na K kwa kidole cha kati, mzunguko wa kwanza wa banjo anaopaswa kuujua mwanafunzi wa vidole vitatu unakwenda hivi: G S K G S K G K. Ni madonoo manane, yote yenye urefu sawa. Kwa nyuzi, zikihesabiwa kutoka chini: wa tatu, wa pili, wa kwanza, wa tano, wa pili, wa kwanza, wa tano, wa kwanza. Mkono wa kushoto haugusi chochote. Kidole cha pete na kile cha mwisho vinaegemezwa kwenye ngozi ya banjo ili mkono usielee. Sasa hesabu mahali dole gumba linapoangukia: la kwanza, la nne, la saba. Kwa kuwa dole gumba ndilo zito, sikio halisikii nane zilizo sawa. Linasikia tatu, tatu, mbili. Huo ndio mtindo ambao mpiga banjo Earl Scruggs aliusambaza Marekani alipojiunga na bendi ya Bill Monroe mwishoni mwa 1945, na watu huuhesabu ni mali ya milima ya North Carolina. Lakini tatu-tatu-mbili ni nusu ya kwanza ya pigo la son ya Kuba, pigo lililofika Kongo na Afrika Mashariki kwa santuri za GV kuanzia miaka ya 1930 na kukaa katika kila rumba iliyotungwa huku baada ya hapo. Aliyekulia Tabora akisikia Kiko Kids ya Salum Zahoro, au Tabora Jazz ya enzi za «Dada Asha» ya Shem Karenga, mwili wake unalijua pigo hilo tangu utotoni. Kazi yake si kulijifunza. Ni kulishusha kutoka miguuni mpaka kwenye vidole. Hapo mwanafunzi wa Tabora ametangulia hatua moja mbele ya wengi wanaoinunua banjo ng'ambo, na ni hasara kwamba vitabu vya kufundishia haviwaambii hivyo wanafunzi wetu.

Kwa nini basi mzunguko ufunzwe peke yake, kabla ya wimbo? Sababu ya kwanza ni hesabu. Wimbo wa mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, wenye madonoo manne katika kila pigo, unadai madonoo manane kwa sekunde. Hakuna anayeweza kuamua mara nane kwa sekunde kidole kipi kiende wapi. Mwaka 1951 Karl Lashley, mwanasaikolojia wa Marekani, alitumia vidole vya wapiga vinanda kuonyesha jambo hili: mwendo wao ni wa haraka mno kwa kila kidole kungoja habari ya kilichotangulia, kwa hiyo mfuatano mzima lazima uwe umeandaliwa na ubongo kabla haujaanza. Mwanafunzi anayejifunza wimbo donoo kwa donoo anaandaa mamia ya maamuzi. Aliyeshika mizunguko mitatu anaandaa neno moja kila baada ya madonoo manane. Sababu ya pili ni ya sikio, na imefanyiwa uchunguzi Uganda. Gerhard Kubik, mtaalamu wa muziki kutoka Austria, alianza mwaka 1959 kujifunza amadinda kwa mwanamuziki Evaristo Muyinda. Ala hiyo ya mabao kumi na mawili hupigwa na watu watatu. Wawili wa kwanza hupiga mifuatano yenye nafasi zilizo sawa kabisa, kila mmoja akijaza nafasi za mwenzake, kama wanawake wawili wanaotwanga kwenye kinu kimoja. Wa tatu husikiliza sauti za mabao mawili ya chini zinazojitokeza katika mchanganyiko huo, akazirudia kwenye mabao mawili ya juu. Mfuatano anaoupiga haukupigwa na yeyote kati ya wale wawili. Umezaliwa katikati yao. Kubik alionyesha kwamba sikio hukusanya pamoja sauti zilizo karibu kwa kimo na kusikia wimbo ndani yake, hata kama mikono iliyozitoa ni tofauti. Banjo na gita la vidole hufanya hivyohivyo ndani ya mkono mmoja. Mwenye mzunguko imara ataanza kusikia vipande vya wimbo ambavyo hakuvikusudia, na atachagua kipi akikuze. Mwenye mkono unaoyumba hatavisikia kamwe, kwa sababu havijitokezi mpaka nafasi kati ya madonoo ziwe sawa.

Pingamizi kubwa linalotolewa dhidi ya njia hii ni kwamba inazaa mashine: kwamba mtu aliyekaririshwa G S K atapiga G S K mpaka kufa kwake, na hisia zitabaki nje. Pingamizi hili lina uzito, maana wapigaji wa namna hiyo wapo, na kuwasikiliza kunachosha. Lakini ukiwachunguza utaona walijifunza mzunguko mmoja, wakakimbilia kasi, wakaishia hapo. Mwenda anatoa jibu lingine. David Rycroft aliziandika kwa nota nyimbo zake na kuzichambua katika jarida la «African Music» mwaka 1961 na 1962, na neno alilolichagua kwa kichwa cha uchambuzi ule lilikuwa ubunifu wa papo kwa papo. Kipande kimoja hurudi mara nyingi na kila mara kimegeuzwa kidogo, donoo moja limeahirishwa, jingine limeongezwa, na mwendo wa chini hautetereki. Uhuru huo unawezekana kwa sababu kuna kitu kisichohitaji kufikiriwa tena. Na kuna kuimba. Mwenda aliimba huku akipiga; George Mukabi wa magharibi mwa Kenya, aliyefariki 1963, aliimba huku akipiga, na mwenzake akigonga chupa ya Fanta kando yake. Maneno ya Kiswahili yana mkazo wake, kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na mkazo huo hautaki kuangukia kila mara mahali dole gumba linapoangukia. Mtu ambaye mkono wake bado unahitaji uangalizi ataipindisha sentensi ili ifuate vidole, na msikilizaji atasikia maneno yamevunjwa vibaya. Anayetaka hisia zifike, basi, ana sababu zaidi ya wengine ya kuufunza mkono mapema.

Pingamizi la pili linatoka kwa wapenzi wa dansi, nao wana haki ya kuuliza. Magita ya bendi za Tabora na Dar es Salaam kwa sehemu kubwa yalipigwa kwa kipande cha plastiki kilichoshikwa kati ya dole gumba na shahada. Wakubwa hao hawakuhitaji mizunguko ya vidole, kwa nini sisi? Jibu liko katika idadi ya watu jukwaani. Bendi ya dansi ina gita la besi, la ridhim, la solo, na mara nyingi sekendi solo. Ridhim inarudia kipande kifupi bila kuchoka, sekendi solo inajibu katikati yake, solo inapanda juu. Ule mchezo wa kujaziana nafasi, ambao kwenye amadinda umegawanywa kwa watu watatu, hapa umegawanywa kwa magita manne, na kila mpigaji anahitaji sehemu yake moja tu. Anayekaa peke yake na ala moja hana wa kumgawia. Lazima besi, ridhim na jibu vyote vitoke katika mkono mmoja. Na hata kwenye bendi, muulize mpigaji yeyote wa ridhim jinsi alivyokipata kile kipande chake. Alikirudia peke yake mpaka kikakaa. Alijifunza mzunguko, ingawa hakuupa jina.

Hilo linanifikisha kwa wale wanaosema kwamba wazee hawakuandika herufi wala kuhesabu vidole, walikaa karibu na mpigaji wakatazama. Ni kweli, na kama uko karibu na mpigaji mzuri, mtazame yeye na kiweke kitabu hiki pembeni. Lakini wazee hao walitazama mkono upi? Muyinda alipowafundisha wageni amadinda, alianza na sehemu moja, ikarudiwa mpaka ikasimama, ndipo ikaja ya pili kuingizwa katikati yake. Herufi zangu zinachukua nafasi ya mkono wa kutazamwa, kwa sababu banjo ni adimu Tanzania na wengi wanaoisoma sura hii hawana wa kumtazama. Asiye na banjo asisubiri. Gita la kawaida linatosha, hata lile la kopo ambalo vijana hulitengeneza wenyewe. Zambia na Malawi ala za kujitengenezea za namna hiyo huitwa banjo, na zimelea wapigaji wengi. Wala asiyeweza vidole vitatu asijione pungufu. Vidole viwili vya Mwenda vinafunga mjadala huo. G S G S, dole gumba likibadilishana kati ya nyuzi mbili nene, ni mzunguko kamili, na kwa gita ndio ningeuanza kabla ya ule wa vitatu.

Kuhusu mazoezi yenyewe, jambo moja linahitaji kuelezwa kwa kirefu, kwa kuwa hapo ndipo wengi hukwama wakadhani vidole vyao vina kasoro. Katika G S K G S K G K mkono hauvunjiki mwanzoni. Unavunjika kwenye donoo la nane. Vidole vimekwisha kupita mara mbili kwa mpangilio wa G S K, na dole gumba likigusa donoo la saba, shahada inatarajia zamu yake kama kawaida. Zamu hiyo haipo; inatakiwa K. Shahada inajitupa, kidole cha kati kinachelewa, na mzunguko unaofuata unaanza nyuma ya pigo. Kurudia mzunguko mzima hakuponyi kosa hilo, kwa sababu madonoo sita ya mwanzo, ambayo hayana ugonjwa, ndiyo yanayopata mazoezi zaidi. Anzia kwenye la saba. Piga G K, uingie moja kwa moja kwenye G S K ya mzunguko unaofuata, usimame: uzi wa tano, wa kwanza, kisha wa tatu, wa pili, wa kwanza. Madonoo matano tu, polepole kiasi kwamba unaweza kutaja kila kidole kwa sauti kabla hakijagusa uzi, na mtu akikugongea chupa kwa kijiko kwenye lile dole gumba la uzi wa tatu, ambalo ndilo mwanzo wa mzunguko. Kugonga kusiwe kwa haraka. Kama hukuweza kulitaja donoo, mwendo bado ni mkubwa. Kiungo hicho kikishakaa, rudisha madonoo sita ya mwanzo mbele yake, moja moja kutoka nyuma: kwanza la sita, halafu la tano, mpaka ufike la kwanza. Hapo mkono wa kushoto unaweza kuingizwa, kwa kodi moja, nayo ibadilishwe pale tu ambapo dole gumba linarudi kwenye uzi wa tatu.